Daftari la Norris

Norris Ogden, mkaguzi wa mabasi, Huddersfield,
mtu wa nukta na mkato,
aliweka penseli nyuma ya sikio
kama wengine wanavyoweka sigara,
na mfukoni daftari la kijani
la kuandikia yaliyochelewa.

Upande wa mbele: namba, dakika, jina la dereva.
Ukiligeuza, ukaanza kusoma kutoka nyuma:
Avril.

Maana mkewe maneno yalimponyoka mawili mawili.
Yaligombea mlango mmoja,
hili limeingiza bega, lile mguu,
yakatoka yameshikana mashati.
Kiingereza chake sikuletei kizima,
kitavunjika njiani kama mayai;
nakimimina katika chungu chetu, uonje tu.

Jumatatu, jikoni: "Leo nimechokonda."
Amechoka, amekonda. Yote mawili kweli,
ameandika Norris, kisha akafuta kweli,
kisha akairudisha.

Kwenye ngazi za daktari wa meno: "Nina hofwasi."

Mvua ilipoanza, shuka zikiwa kambani:
"Harapesi, Hilary! Harapesi!"
na Hilary, miaka sita, akalipeleka neno shuleni,
likarudi jioni limezungushiwa wino mwekundu.
"Mama, neno hili halipo."
"Lipo. Si umelisikia?"

Na siku ya chai ya kanisa
alisimama kuwashukuru waliooka keki
akazifunga methali mbili fundo moja,
kama wewe useme mbele za watu
haraka haraka hujaza kibaba.
Kasisi aliitikia kwa kichwa,
akaitikia tena,
kichwa kikakwama katikati.
Norris, kiti cha nyuma, alikuwa tayari anachonga penseli.

Hakumsahihisha hata mara moja.
Majirani walidhani ni uvumilivu.

*

Alizikwa Februari. Hilary akapata daftari
ndani ya sanduku la dawa ya viatu,
akaketi sakafuni na koti lake la msiba,
akacheka peke yake kwa harapesi,
akacheka kwa hofwasi, halafu hakucheka,
akaendelea kurudi nyuma, mwaka hadi mwaka,
mpaka karatasi ya kwanza kabisa.

Hapo hapakuandikwa Avril.
Paliandikwa: Mimi.
Na hapakuandikwa kwa penseli.

Novemba 1968. Kibanda cha basi, barabara ya Leeds.
Theluji ya majimaji. Yeye amevaa kofia ya njano.
Nilitaka kumwomba radhi kwa basi kuchelewa
nikataka pia kumwuliza lile jambo,
na pumzi nilikuwa nayo moja.

Kuoana, kwao, ni mari. Samahani ni sori.
Yakakutana ulimini mwa mtu
ambaye hajawahi kukosea hata jina la kituo:

"Avril," akasema, "utanimori?"

Fikiria masikio yalivyomwaka.
Fikiria mikono, haina tikiti ya kutoboa.
Neno halimo katika kamusi yao,
na msichana wa kofia ya njano
angeweza kuliacha lianguke kwenye tope.

Ameniambia: Nitakumori. Na wewe je, utanimori?

Chini yake mstari mmoja, umekolezwa.
Na Hilary, kwa kuwa ni binti wa baba yake,
akaligeuza daftari, akatafuta tarehe ile ile
upande wa kazi. Ipo:
Namba 64. Dereva Sugden. Dakika kumi na moja.

Akateremka nalo jikoni.
Avril alikuwa akikausha vikombe vya waombolezaji.
Alisoma akiwa amesimama, midomo ikicheza,
kitambaa begani,
akafika mwisho, akarudia mwisho,
akaweka kidole juu ya namba.

"Si kumi na moja," alisema,
kila neno limenyooka, peke yake, kamili.
"Zilikuwa kumi na nne.
Nilikuwa nahesabu."